Flavian Sindani Ashuka Jukwaani Akiwa Bado Anasikia

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2025, Flavian Sindani anaagwa rasmi kama mpiga dramu wa Bendi ya Mbizi, baada ya miaka ishirini na miwili na miezi minne ya utumishi. Ana umri wa miaka hamsini na mitano, ambao kwa mtumishi wa serikali ni umri wa kuomba kustaafu kwa hiari. Yeye hakuomba. Aliondolewa na mashabiki wake, na mashabiki hao ni sisi, tulioandaa sherehe hii na kuchapisha ratiba unayoisoma. Jambo hilo linahitaji maelezo.

Flavian alizaliwa Pito, jirani na mji wa Sumbawanga, mtoto wa tatu katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Ngoma alianzia kwenye kwaya ya parokia. Padre alimwondoa mara mbili kwa kuuharakisha wimbo wa sadaka, akamrudisha mara mbili kwa kukosa mwingine. Mwaka 1994 aliajiriwa kuendesha mashine ya kusaga nafaka hapo hapo Pito, kazi ambayo hakuiacha hata bendi ilipopata jina. Kwa hiyo anayetaka kujua ni kelele kiasi gani zimepita masikioni mwake ni lazima ahesabu dramu na mashine pamoja.

Bendi yenyewe ilianzishwa na Mwalimu Anyitike, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya akiwa na magitaa mawili na bila mpiga dramu. Februari 2003 alipeleka debe la mahindi kusaga. Alimkuta mwendesha mashine akigonga mdomo wa mashine kwa spana ili pumba zishuke, na pumba zilishuka kwa mapigo manne yasiyoyumba. Mwalimu alisikiliza kwa dakika kumi, akamchukua Flavian kwenda naye mazoezini jioni ile, na unga akausahau. Bertilla, mke wa Flavian, ndiye aliyeupeleka nyumbani kwa Mwalimu kesho yake.

Watu walisema muziki wa roki hautapata wasikilizaji huku kwetu Ufipa. Ulipata wachache, lakini hawakuondoka. Walikuja kwenye kumbi za Sumbawanga, viwanja vya Laela na bandarini Kasanga, na wengine walianza kumfuata Flavian kuliko walivyoifuata bendi. Hakuwa fundi wa madoido. Alikuwa mtu ambaye ukimpa mwendo anao hadi mwisho wa wimbo, hata kama mwimbaji amepotea. Timoth, mpiga besi, amewahi kusema kwamba kupiga karibu na Flavian ni kama kuegemea ukuta.

Safari hazikukosa vituko. Mwaka 2009, gari likiteremka kwenda Kasanga, ngoma kubwa ya mguu ilidondoka na kubingirika bondeni bila mtu kujua. Siku ile Flavian alipiga teke sanduku tupu la samaki kwa saa mbili, na wavuvi walidhani ndivyo roki inavyopigwa. Ngoma ilipatikana baada ya siku tatu kwa mama mmoja aliyekuwa ameshaihifadhia maharage. Alikubali kuirudisha kwa sharti kwamba Flavian ayabebe maharage yenyewe hadi nyumbani kwa dada yake, kijiji cha tatu. Aliyabeba.

Sasa tufike Laela, kwa sababu Laela ndiko kosa letu lilikoanzia.

Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2017, saa kumi alasiri, bendi ilikuwa ikipiga wimbo wa tatu kwenye uwanja ulio jirani na wanunuzi wa mahindi. Jenereta iliishiwa petroli. Magitaa yalinyamaza, maikrofoni ikanyamaza, kila mtu jukwaani akasimama, isipokuwa Flavian. Aliendelea kupiga, kichwa chini, mapigo yale yale. Watu walifikiri ni ujasiri. Wakaanza kuimba kiitikio kwa midomo yao, uwanja mzima, juu ya dramu peke yake. Felisian, muuza vipuri vya pikipiki na mwenyekiti wetu wa mashabiki, alirekodi kwa simu. Video ina sekunde tisini na nne. Mwishoni Flavian anainua uso, anaona magitaa yananing'inia na midomo ya watu inacheza, anatulia kidogo, kisha anainua vijiti juu. Uwanja ulilipuka kwa shangwe.

Tuliigeuza sekunde zile kuwa mila. Tangu siku ile, kila onyesho, wimbo wa tatu ukifika kati, mashabiki walipaza sauti, "Zima! Zima!" Felisian alikwenda kuzima umeme, Flavian akaendelea peke yake, nasi tukaimba. Tulichapisha hata fulana zenye neno hilo. Kwa karibu miaka saba hapakuwa na onyesho la Bendi ya Mbizi bila Zima, na wageni kutoka Mbeya walikuja kwa ajili ya Zima tu.

Yako mambo mengine tuliyoyaona na kuyasifu bila kuyaelewa. Flavian alianza kupiga pekupeku, hata mwezi wa saba ambapo wenzake wanavaa makoti mawili. Alidai jukwaa liwe la mbao, na spika ya besi ya Timoth ikae juu ya mbao hizo hizo, karibu na miguu yake. Spika iliyokuwa nyuma ya kichwa chake aliomba iongezwe sauti kila mwaka. Tulisema msanii akikomaa anakuwa na mambo yake.

Tarehe 11 Agosti 2024, Jumapili baada ya misa, tulikutana dukani kwa Felisian kujadili zawadi. Flavian alikuwa ametimiza miaka ishirini na moja kwenye bendi na tulitaka kumpa spika kubwa zaidi. Bertilla aliingia tukiwa tunabishana kuhusu ukubwa wake. Hakukaa.

"Mnamnunulia spika," alisema. "Mnunulieni masikio kwanza."

Felisian alicheka. "Shemeji, una maana gani?"

"Maana yangu ni hiyo hiyo. Mume wangu hasikii. Jogoo anawika dirishani, mimi ndiye namwambia kumekucha. Juzi mkanda wa mashine ulikuwa unalia kama mtoto, watu wanapiga kelele wakimwita, yeye anaendelea kumwaga mahindi. Ulikatika ukapita hapa," na akagusa bega lake. "Mkimwongezea spika nyingine nitaziuza zote pamoja na hizo fulana zenu."

Hoja ya spika iliishia hapo.

Tulikwenda Pito siku ile ile. Mashine ilikuwa imezimwa, Flavian anafagia pumba, mgongo kwetu. Felisian alisimama hatua mbili nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kaka Flavian, ng'ombe wameingia kwenye ulezi wako." Flavian aliendelea kufagia. Felisian alirudia, akaongeza kwamba ng'ombe ni kumi na wawili. Ufagio haukusita. Ndipo Bertilla alipopiga sakafu kwa kisigino mara moja, na Flavian akageuka papo hapo, akitabasamu.

"Karibuni," alisema. "Mbona hamkubisha hodi?"

Alikana kwa dakika kama ishirini. Alisema sisi tunaongea kwa kunong'ona, alisema vumbi la pumba limemziba. Mwishowe alikaa juu ya gunia na kutwambia kwamba pale Laela mwaka 2017 hakujua jenereta imezimika. Tangu mwanzo wa mwaka ule alikuwa akiyasikia magitaa kwa mbali, kama yako nyumba ya pili, na siku ile aliyafikiria tu kichwani na kuendelea.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Felisian.

"Niseme nini? Watu walikuwa wameshafurahi."

Septemba, mtaalamu wa masikio mjini Mbeya alitoa majibu yaliyoandikwa. Sikio la kushoto lilikuwa limebakiwa na uwezo mdogo sana. La kulia lilikuwa na zaidi kidogo ya nusu, na hiyo nusu ingeweza kubaki endapo kelele zingekoma. Flavian akiendelea kama alivyokuwa, mtaalamu alikadiria kwamba nayo ingekwisha ndani ya miaka miwili. Flavian alipewa kifaa cha kusikia na vizuia kelele vya kuvaa mashineni. Alivivaa. Kuhusu dramu alisema atapiga hadi Krismasi, kisha ataona. Mwalimu Anyitike alimsihi. Bertilla alimgombeza kwa Kifipa, na kwa mujibu wa majirani hakuacha neno. Flavian aliwajibu wote kwamba bendi haina mpiga dramu mwingine na kwamba hawezi kuwa mtu aliyeiua. Hapo alikuwa mkweli. Mpiga mwingine hakuwepo.

Onyesho lililofuata lilikuwa Laela, tarehe 12 Oktoba 2024. Tulikutana siku tatu kabla na kukubaliana jambo moja. Siku hiyo mashabiki arobaini na wanne tulisafiri, tukalipa viingilio, kisha tukasimama nje ya uzio na kugeuzia jukwaa migongo. Flavian alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, miguu mitupu, vijiti mkononi. Alituona. Alishuka, akavuka uwanja na kuja hadi kwenye uzio.

"Mnanifukuza?" aliuliza.

"Tunakufukuza, kaka," alisema Felisian, akijitahidi kutamka polepole. "Kasirika. Lakini kasirika ukiwa bado unatusikia."

"Na bendi?"

"Bendi ikifa tutaizika. Wewe hatukuziki na masikio yako kwa ajili ya fulana."

Flavian alimpa Felisian vijiti juu ya uzio na kwenda kukaa kwenye magunia ya mahindi pembeni. Tukaingia ndani. Bendi ilipiga nyimbo mbili bila dramu, na ukweli ni kwamba zilikuwa mbaya. Mwalimu alikuwa mbele, Timoth nyuma, na mwimbaji katikati hajui amfuate nani. Hakuna aliyepiga kelele ya Zima. Baada ya wimbo wa pili mwanamke mmoja alimwendea Felisian na kuomba vijiti. Aliitwa Zita, fundi cherehani wa hapo Laela, miaka thelathini na mmoja, mpiga ngoma wa kwaya ya parokia yake. Felisian alimtazama Flavian. Flavian aliinua mabega. Zita alipanda akapiga nyimbo nne, mbili kati ya hizo kwa makosa ya wazi.

Katika wimbo wa mwisho Flavian aliondoka kwenye magunia. Alikwenda nyuma ya jukwaa, akaweka kiganja kwenye mbao, akasikiliza kwa mkono. Zita aliposhuka na kumwamkia, "Shikamoo, mzee," hakuitikia salamu.

"Mguu wako unakimbia," alimwambia. "Mkono mzuri. Mguu unakimbia kama una deni."

"Nitaurudisha, mzee."

"Jumatano. Pito, saa tisa. Uje na viatu vyepesi."

Alikuja Jumatano hiyo na Jumatano nyingi zilizofuata, kwa basi, kwa miezi minane. Flavian alimfundisha akiwa amevaa vizuia kelele kichwani na kiganja kwenye mbao. Anasema Zita ana mwendo mzuri kuliko wake wa mwaka 2003, na Zita anasema mwalimu huyu hajawahi kumsifu usoni hata mara moja. Machi mwaka huu bendi ilirudi jukwaani Sumbawanga ikiwa na Zita. Ilikuwa imara. Spika zimepunguzwa sauti, na kila mwanabendi anaziba masikio kwa pamba maalumu. Fulana tulizikusanya na sasa zinafuta mafuta dukani kwa Felisian.

Kipimo cha pili kilifanyika Mbeya mwezi Mei. Bertilla alikwenda naye na ndiye aliyetuletea karatasi, kwa sababu alisema hatuamini kwa maneno. Sikio la kulia halijashuka hata kidogo tangu Septemba. Felisian alilisoma jibu hilo kwa sauti mbele ya wanachama wote, kisha akalisoma tena, na watu wazima walikaa chini kama waliotua mizigo. Miezi minane tulikuwa tukisubiri sentensi hiyo.

Hayo ndiyo mafanikio tunayotaka yaandikwe juu kabisa. Alipiga maonyesho zaidi ya mia tatu. Hakukosa hata moja kwa ugonjwa. Aliibeba bendi wakati haina kitu, na akaiachia mpiga dramu aliyemfundisha mwenyewe. Kwa upande wetu, tulimshangilia miaka saba kwa jambo lililokuwa likimuumiza, naye akavumilia ili asituharibie furaha. Tunamwomba radhi hapa kwa maandishi, na tunamshukuru Bertilla, ambaye asingeingia dukani siku ile leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tangu mwaka 2019 Flavian alikuwa hapokei simu. Ukimpigia anakata, halafu anatuma ujumbe. Alhamisi iliyopita simu ya Felisian iliita dukani, na alikuwa Flavian, akiuliza sherehe inaanza saa ngapi. Felisian, kwa mazoea, alijibu kwa kelele hadi wateja wakageuka: saa nane, ukumbini, aje na familia yote.

"Felisian," alisema Flavian. "Punguza sauti. Nakusikia."

Asante kwa kazi, Flavian. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, na ziwe tulivu.