Msumari wa Mama Vifungo

Benchi letu limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na cherehani ya mkewe. Kinyozi tunamwita Mkasi, mkewe Mama Vifungo. Wengine ni Tochi, mlinzi mstaafu, na Redio, mtu ambaye sijawahi kumwona akizimwa. Mimi ni mnywa kahawa tu, ingawa mdomo ninao. Jioni ile mpira na siasa tuliviweka kando. Kesho yake Mama Vifungo alikuwa na mtihani wa vitendo wa sayansi, katika shule ya jioni ya watu wazima. Mwaka jana alifeli hapo hapo: maelezo yote yalikuwa kichwani, lakini alipopewa waya na betri mikono ikamtetemeka, akarudi nyumbani analia. Safari hii akifeli hakuna nafasi nyingine. Tunampenda, kwa hiyo tulijitosa wote kumsaidia, na hapo ndipo tulipoharibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzungushia msumari waya, kuunganisha ncha mbili za waya kwenye betri, na kuufanya msumari unyanyue pini. Waya Mkasi aliung'oa kwenye mota ya feni iliyokufa. Akazungusha mwenyewe, kwa ustadi wa mtu aliyezoea vichwa vya watu. Akaunganisha. Pini zikalala kimya.

— Betri imelala, akasema Tochi. Lindoni nilikuwa nazipasha joto kwapani. Lete.

— Betri haina kosa, akasema Redio. Umeme umepata kizunguzungu. Mizunguko yote hiyo, hata wewe ungetapika!

— Jamani, naomba nione ile ncha, akasema Mama Vifungo.

— Pumzika, mke wangu. Kesho una kazi nzito, akasema Mkasi.

Na mimi nikajifanya mtaalamu:

— Msumari huu umezoea mbao. Pini haujawahi kuziona.

— Pini ndizo zenye woga, akasema Tochi. Kila siku zinachomwa kwenye nguo. Zikiona chuma kirefu zinadhani ni sindano kubwa imekuja kuzikagua.

— Hapana! akadakia Redio. Umeme unatoka vizuri, unachungulia, unaona watu wazima wanagombana, unaona haya, unarudi ndani.

— Shemeji, niachie huo waya kidogo tu, akasema Mama Vifungo.

— Tulia, shemeji, akasema Redio. Mtihani ni kesho, tuko kwa ajili yako.

Maneno hayo aliyasikia mteja aliyekuwa anafika, kijana mgeni mwenye suruali ya kupunguzwa mkononi. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

— Samahani. Mwenye mtihani ni nani?

Tochi alikuwa na betri kwapani, Redio ameshika waya, Mkasi msumari, mimi kopo la pini. Mama Vifungo alikuwa amekaa, mikono mitupu mapajani.

Mkasi akamwekea msumari kiganjani, taratibu.

— Nisamehe, mama. Naogopa kukuona ukilia tena.

— Na mimi naogopa, baba. Lakini woga wangu niachieni mwenyewe.

Tukamrudishia vitu vyake. Mikono ilimtetemeka, nikaona, nikatazama kikombe changu. Akaupitisha waya kati ya vidole kama anavyopima uzi.

— Waya huu umepakwa vanishi, akasema. Ndiyo inayouzuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda wa jirani yake. Lakini iko mpaka kwenye ncha. Sasa umeme uingilie wapi? Nipe wembe.

Mkasi akaruka ndani kuleta. Mkewe akakwangua ncha zote mbili mpaka shaba ikang'aa, akazungusha upya, akagusisha kwenye betri. Pini zikarukia msumari, zikaning'inia kundi zima. Redio akainama kuzihesabu.

— Umeme ukipita kwenye waya, akasema Mama Vifungo kwa sauti ya darasani, msumari unakuwa sumaku. Ukiukata...

Akaondoa ncha moja. Pini zikaanguka koponi.

— Ukiongeza mizunguko, unabeba zaidi. Ila usiunganishe muda mrefu, waya utachemka na betri itaisha.

Tukapiga makofi. Mkasi akajifuta macho kwa taulo la wateja, wala hakujificha. Mgeni akauliza kama suruali itakuwa tayari kesho.

— Kesho kutwa, kaka. Kesho nina mtihani.

Kisha akafumua kila kitu, akatupa waya ule pembeni, akakata mwingine kutoka kwenye mota ile ile, aanze mwanzo kabisa. Redio akanyoosha mkono kumshikia betri. Mkasi akamvuta kwa kola.

— Mwache.

Kahawa iliisha, hakuna aliyeinuka. Mkasi alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Mama Vifungo alikwangua, akazungusha, akanyanyua pini, akafumua, akarudia tena. Mikono yake ilipoacha kutetemeka, hatukumwambia. Tuliogopa kumkatiza.