Nilimlilia Mwanangu Nimekaa

Asanteni kwa kuniweka, kwenye dua hii ya kumkumbuka mwanangu, huku pembeni mwa mkeka, karibu na mlango. Mnanijua.

Ndugu zangu, wengi mnaniita mzururaji. Ni kweli. Nachingwea nilipanga chumba, Mtua nikalima ufuta wa watu, Chinongwe nikabangua korosho. Kubangua ni kazi ya kukaa, na mimi jua likishuka miguu inawaka kwa ndani, kama siafu wanapita kwenye mfupa. Nikitembea inatulia. Nikikaa tu, wanarudi. Basi nikawa mtu wa kuhama. Shule niliacha darasa la tano, lakini maswali sikuacha. Kila mganga na kila nesi nilimuuliza. Wakasema ni uchovu.

Kisha mwanangu akaanza kusahau njia ya nyumbani. Akaacha kuona, akaacha kumeza. Damu yake ikapelekwa mbali, jibu likarudi: ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana, na kwake umetoka kwa mama, yaani mimi. Dawa ya kumrudisha hakuna. Tukamzika hapa Ruangwa.

Jioni ya msiba wanawake wamekaa mkekani, mimi nazunguka uani. Nikasikia:

"Shoga, mfiwa ni nani hapa, yule au sisi?"

"Kaburi halijakauka, keshaanza safari zake!"

Mama yangu akafunua khanga. Alikuwa amejifunga miguu kwa vitambaa, toka magotini hadi vifundoni, apate kukaa.

"Mwacheni," akasema. "Miguu ile nimempa mimi."

Miaka yote alijifunga, asiseme. Nikalipeleka swali kwa daktari wa mwanangu: miguu yetu na ule ugonjwa, si kitu kimoja? Akanipima. Akasema miguu ya namna hiyo huwapata wanawake wenye ugonjwa huo. Damu yangu ilipungukiwa na madini ya chuma; akanipa vidonge vyake, na kingine cha kumeza jioni, cha kutuliza miguu.

Ugonjwa wenyewe upo. Miguu imeanza kukakamaa, na itazidi, hakunificha. Binti yangu naye, kila jioni namtazama anavyokaa.

Lakini siku ya arobaini nilikaa mkekani mpaka dua ikaisha. Nikamlilia mwanangu nimekaa.

Mama, asante. Daktari yule namshukuru kwa kulisikiliza swali langu. Nanyi mlionisema pale uani mmo humu, siwataji. Chakula cha msiba mlikipika ninyi. Ombi langu ni hili tu: mkimwona mfiwa hakai, mmoja wenu ainuke, atembee naye.