Diski Niliyoipaka Mafuta

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, na mwenye kuitikia aitikie taratibu, maana leo sikusimama hapa kutamba. Mmezoea kuniona mbele yenu na kamera, nikiwaambia msogee, mcheke, mtazame huku. Leo sina kamera ya kujificha nyuma yake.

Mnanijua. Mimi ni Mama Neema, mwenye kibanda cha picha hapa Kinyangiri, karibu na mashine ya kukamua alizeti. Harusi zenu, ubatizo wa watoto wenu, misiba yenu, yote nimerekodi mimi. Na yote nilikuwa nayaweka kwenye diski moja ya nje, ile nyeusi ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta kwa waya. Moja tu! Wenzangu wa kazi hii walinishauri niwe na ya pili, nikawaona waoga.

Mwaka jana baada ya mavuno, Mzee Mkumbo aliniita kwake. Wengi mlimjua, alikuwa mzee wa kanisa hili. Mnajua pia jambo lililomtenganisha na binti yake Ester. Ester aliolewa Itigi na kijana wa reli ambaye ni Mwislamu, na mzee akasema hana tena binti wa jina hilo. Ikapita miaka tisa. Sasa mzee alikuwa anaumwa, miguu imevimba, akataka nimrekodi. Alivaa koti lake la kanisani, akaketi uani, akasema amemsamehe Ester, akamwomba Ester naye amsamehe, na akatamka kwamba Ester na watoto wake ni wa nyumba hiyo kama wengine wote. Nilimuuliza kwa nini asimpigie simu tu. Akasema neno la namna hiyo halipitii kwenye simu. Lazima wadogo zake walisikie kwa sauti yake mwenyewe, wameketi pamoja, siku ya kumaliza msiba wake. Akiwaita sasa watabishana naye, na nguvu za kubishana hana. Akanitaka nisimwambie mtu hadi siku hiyo.

Nilipofika kibandani niliihamishia ile video kwenye diski, nikaifuta kwenye kamera ili nipate nafasi ya harusi ya kule Mtinko. Siku chache baadaye diski ikaanza kugonga. Tik, tik, tik. Sauti ile naijua, ni dalili kwamba inakufa. Ilinipasa niizime siku hiyohiyo. Lakini niliendelea kuitumia wiki mbili nzima, nawawekea watu filamu kwenye flashi zao, mpaka asubuhi moja nikaichomeka ikagonga isifunguke tena.

Mnadhani nilikwenda kumwambia mzee? Sikwenda. Alikuja yeye, anajikongoja na fimbo, akaniuliza kama neno lake liko salama. Nikamjibu, "Lipo baba, usiwe na wasiwasi." Akanishukuru, akaniombea baraka. Wiki iliyofuata akafariki. Ndugu zangu, yule mzee alikata roho akiuamini uongo wangu. Katika aibu zangu zote, hiyo ndiyo inayoniamsha usingizini.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilichukua chupa ya mafuta ya alizeti yaliyoombewa kwenye mkutano wa maombi, nikaipaka ile diski juu na chini kama anavyopakwa mgonjwa. Nikafunga siku tatu. Nikaiamuru kwa jina la Yesu ifunguke! Kila nikimaliza kuomba naichomeka, inagonga, naipaka tena. Mafuta yakaingia mpaka kwenye tundu la waya. Chekeni, mimi mwenyewe ningecheka. Lakini uoneni ubaya wake: nilikuwa namtaka Mungu atende muujiza ili mimi nisiseme ukweli.

Ester alikuja msibani na watoto wake wawili. Alikaa kule kwa wapishi, akipeta mchele, na baba zake wadogo walimpita kama hawamwoni. Shangazi yake, aliyeniona siku ile nikirekodi uani, alikuwa amemdokeza kwamba baba yake aliacha neno kwangu, ila lilikuwa neno gani hakujua. Akanifuata, akaniamkia shikamoo kwa heshima, akauliza. Nikamwambia bado nasafisha sauti. Uso mkavu kabisa! Nilimwambia hivyo mara tatu, siku tatu tofauti. Siku ya kumaliza msiba ilikuwa imebaki wiki moja, na siku hiyo wazee wangetaja watoto wa Mkumbo mmoja mmoja. Jina lake lisingekuwemo. Hata kama ningewaeleza nilichosikia, wangeniuliza mimi ni nani katika ukoo wao.

Jumatano ikafika, maombi ya akina mama. Nikapewa kuongoza, Ester amekaa nyuma yangu. Nikaanza, "Bwana, wewe unajua..." Sikuweza kuendelea. Bwana alikuwa anajua kweli, na mimi nilijua, na wenzangu wote wamefumba macho wananisubiri. Nikatoka nje. Ester akanifuata akidhani naumwa. Ndugu zangu, pale kwenye mafiga, katikati ya masufuria ya kanisa, nilipiga magoti nikamweleza yote, filamu, mafuta, kila kitu.

Ester akasema, "Miaka tisa sikuwa na baba, sasa wewe umeninyima baba mara ya pili." Hakuongeza neno la kunitukana. Akajifunga khanga yake vizuri, akauliza diski iko wapi, akasema kesho tunaenda Singida mjini.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa kofia ya Kiislamu. Aliishika diski, akainusa. "Mama, hii mmeikaangia nini?" Nikamwambia ukweli. Hakucheka. Akaifungua, akasema mafuta yameishia kwenye kasha la nje, ndani kumezibwa, hayakuingia. Kilichokuwa kinaiua ni mimi kuichomeka na kuichomeka. Akaitoa kwenye kasha, akaiunganisha na kompyuta yake, akawa anachota kidogo kidogo, akifika mahali palipoharibika anaruka, ikipata joto anaipumzisha. Siku mbili! Mimi na Ester tulikaa kwenye benchi moja bila kusemezana. Nilikuwa naomba, safari hii bila kuamuru chochote.

Siku ya tatu akatuita. Picha ilikuwa inakwamakwama, uso wa mzee umekatika vipande, lakini sauti ilikuwepo. Ester alijifunika khanga usoni, akasema tu, "Baba." Mungu ni mwema, ndugu zangu! Alimtumia Mwislamu yule, mtu wa imani ileile iliyotufanya tumkatalie Ester mume wake.

Siku ya kumaliza msiba Ester aliniambia, "Wewe ndiye utaanza kusema." Nikasimama mbele ya ukoo nikasema nilichofanya. Kisha tukaiwasha. Yule mkubwa wa baba zake wadogo akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akashika kichwa, halafu akanyoosha mkono kule kwa wapishi. "Ester mwanangu, njoo ukae huku, na watoto." Wakatajwa wote watatu.

Namshukuru Mungu aliyenipokea nikiwa nanuka uongo. Kama upo hapa na jambo umelifunika, nakusihi, mwamini yeye leo, kisha nenda kwa uliyemkosea. Yeye ni mwenye rehema kuliko hofu yako. Mimi ni shahidi.

Lakini sijamaliza. Yapo yaliyofutika kabisa kwenye ile diski. Mama Yohana, nakuona hapo nyuma na mwanao. Kila ukiniuliza harusi yako nakwambia subiri, kazi ni nyingi. Haikurudi, dada yangu. Hata dakika moja. Nisamehe. Na wako wengine wanne humu ndani ambao hawajui bado kama ni wao. Wiki hii nitapita nyumba kwa nyumba. Mkiniona naingia uani bila kamera, nipeni kiti, na Bwana anipe mdomo.