Saa Moja Mbele ya Uso wa Baba

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mliokuja kutushika mkono leo Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, familia imempa shangazi mtu, dada wa baba yake, jukumu la kuwasomea maisha ya mtoto wetu ambaye nyumbani na mtaani tulimwita Chiriku, nasi tunaomba radhi mapema iwapo mahali fulani karatasi itasema hivi na msomaji akasema vile, kwa kuwa karatasi iliandikwa na kamati, lakini marehemu alilelewa na msomaji.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1999, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba fundi wa kuchomelea vyuma na mama mpishi wa shule, akiwa na kilo mbili na nusu za mwili na sauti ya mtu mzima, na jina la Chiriku alilipata kwa haki, maana alianza kusema kabla hajatembea, na alipoanza kutembea ilikuwa ni kumfuata mtu mlangoni ili ammalizie habari.

Hapa kamati iliruka, lakini msomaji haruki. Tarehe 22 Agosti 2003, Ijumaa, saa tano asubuhi, mtungi wa gesi ulilipuka katika karakana ya baba yake, moto ukamchoma upande wote wa kushoto wa uso, akalazwa wiki saba, na aliporudi nyumbani tarehe 12 Oktoba, bandeji zimetolewa, mtoto wake wa miaka minne aliyekuwa akimsubiri mlangoni tangu asubuhi alimtazama mara moja, akapiga yowe, akakimbilia uvunguni mwa kitanda na kugoma kutoka hadi jua linazama. Kesho yake yule mwanamume alinunua kofia pana na miwani nyeusi ya kufunika nusu ya uso, akala kiapo mbele ya mkewe na dada yake kwamba mwanawe hataogopeshwa tena, na mtoto alipouliza miwani ya nini, sisi wakubwa tukamwambia kwa macho makavu kabisa kwamba mwanga unamuumiza baba macho. Tulidhani ni uongo wa wiki moja, ukadumu miaka ishirini, na hatukujua utakwenda kuzaa nini.

Elimu ya msingi aliipata kati ya mwaka 2006 na 2012 katika shule aliyopikia mama yake, ambako hakuwahi kukosa uji wala kukosa barua ya mwalimu wa darasa kuhusu kupiga soga, akaendelea na sekondari kuanzia 2013 hadi 2016, akafaulu vizuri historia na lugha, hesabu tusizizungumzie leo. Kuanzia Februari 2017 aliajiriwa katika studio ya picha za pasipoti karibu na stendi, ambako kazi yake ilikuwa kumkalisha mteja kwenye kigoda, kumnyoosha kola na kumwambia asicheke, ila kwa ule mdomo wake wateja walivunjika mbavu, picha zikawa zinarudishwa na ofisi ya pasipoti kwa kosa la kuonyesha meno, na mwenye studio, ambaye yuko hapa nasi, alimfukuza mara nne na kumrudisha mara nne, na mara ya nne akamrudisha pamoja na zawadi ya kamera ya zamani ya filamu, ya kujaza mkanda kwa mkono, isiyoweza kuvuta kitu cha mbali, kwa hiyo ukitaka sura ya mtu inakubidi umsogelee mwenyewe.

Kamera hiyo aliileta nyumbani, na nyumbani kwao, mnaokujua mnajua, mapazia yalikuwa hayafunguliwi mchana na balbu zilikuwa hafifu, yote hayo kwa ajili ya macho ya baba, ambayo hayakuwa na tatizo lolote, basi binti akajifunza kupiga picha kwa mwanga wa tundu la dirisha, kwa mwanga wa jiko, kwa mwanga unaopenya chini ya mlango, akishikilia kamera na kubana pumzi, kwa sababu hakutaka taa yake imuumize mzazi wake. Alipojiunga na chuo cha sanaa, tarehe 4 Oktoba 2021, kusomea filamu za majaribio na upigaji picha za watu, walimu waliusifu mno mtindo huo, wakasema ana jicho la pekee la kuona gizani, na sisi wa nyumbani tulipozisikia sifa hizo tulitazamana, tukayaacha mapazia yalivyo.

Sifa hizo zisiwafanye mkadhani chuo kilimpokea kwa nderemo. Kazi yake ya kwanza zilikuwa picha za watu wa mtaani alizozipiga kutoka dirishani bila wao kujua, na mwalimu wake mkuu wa picha alizipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu, akasema, “Umewaibia hawa, hujawaomba,” akazirudisha kwenye bahasha, na Chiriku alirudi nyumbani siku hiyo akala bila kusema neno, jambo lililotutia hofu kuliko malaria. Kutokana na maneno hayo alijiwekea utaratibu wake, ambao leo chuoni unafundishwa kwa wengine, kwamba siku ya kwanza anakwenda kwa mtu bila kamera na kukaa naye tu, siku ya pili anakwenda na kamera isiyo na filamu, na siku ya tatu ndipo anaweka filamu, wanakaa umbali wa mkono mmoja, saa moja nzima, bila yeyote kusema, na katika saa hiyo anabonyeza pale tu mtu anapochoka kuigiza. Fikirieni, Chiriku, kunyamaza saa moja! Fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa wa kwanza kukaa mbele yake, anashuhudia kwamba dakika ya kumi alikuwa amekunja uso kama yuko kwa hakimu, dakika ya ishirini akaanza kucheka, dakika ya arobaini machozi yakamtoka na pini zikiwa bado mdomoni, na mpaka leo hajui alikuwa akimlilia nani, ila picha ile ameitundika juu ya mashine yake na hataki mtu aiguse.

Alipanga picha kumi na mbili za namna hiyo, akaziita Saa Moja, ziwe kazi yake ya kumalizia chuo, na ya kumi na mbili iwe ya baba yake, ambaye tangu mwaka 2003 hakuwahi kusimama mbele ya kamera hata ya harusi ya mwanawe mkubwa. Baba alikataa. Akakubali shingo upande apigwe filamu kwa nyuma tu, akiwa kazini, ndipo ikazaliwa ile filamu ya dakika kumi na moja iitwayo Kisogo, ambayo ndani yake hamna neno wala uso, ni mikono, mgongo, kofia na vyuma, na mkanda wake aliusafisha mwenyewe kwa dawa, ndani ya ndoo, bafuni, akauanika kwenye kamba ya nguo ukiwa bado laini. Mama mtu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuona kitu cheusi asikisugue, aliingia, akaona mkanda una madoa, akachukua waya wa kusugulia masufuria akausafisha kwa moyo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na mtoto aliporudi alilia kwa sauti majirani wakafika. Lakini alipouweka kwenye projekta ili aone hasara, ile michubuko ilikuwa ikiruka ukutani juu ya mikono ya baba yake, myeupe tupu, kwa maelfu, kama cheche za kuchomelea, akaacha kulia, akamwita mama yake akamwambia, “Mama, hebu niambie ulikuwa unasugua kuelekea wapi,” na kuanzia siku hiyo mama akawa anakabidhiwa mikanda na waya wake, na mwisho wa filamu hiyo, kwenye orodha ya waliofanya kazi, imeandikwa kwa herufi kubwa, mikwaruzo na mama.

Kisogo ilionyeshwa chuoni Ijumaa, tarehe 9 Desemba 2022, ukumbi ukajaa, watu wakasimama kupiga makofi, na binti alipotaja kwamba mwenye mikono ile yuko ukumbini na kumwomba asogee mbele, baba aliinuka kutoka kiti cha mwisho kabisa, akashusha kofia, akatoka nje. Binti hakugombana naye. Alimwambia tu mama yake kwamba ameshawakaribia watu kumi na mmoja akawaona, na huyu mmoja wa kwao anamshinda.

Kuhusu ndoa, marehemu hakujaliwa kufunga, ingawa kuna kijana wa darasani kwake, fundi wa kurekodi sauti, aliyekuwa akija nyumbani kila Jumapili kurudisha nyaya, nasi sote tulijua hakuna nyumba yenye nyaya nyingi kiasi hicho, na leo yuko pale pamoja na kaka za marehemu, tumemweka hapo kwa makusudi. Watoto hakuacha, na tafadhali asitokee mtu akasema picha zake ndizo watoto wake, maana aliwahi kuambiwa hivyo na mgeni mmoja akamjibu kwamba picha hazimwamshi mtu kwa njaa.

Maradhi ya figo yaligunduliwa tarehe 11 Februari 2023, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na aliendelea na masomo akitokea hospitalini, akiwaomba wagonjwa wenzake wamwonyeshe mikono yao na kuandika kwenye daftari kila mmoja anaifanyia nini anaponyamaza. Januari mwaka huu, picha kumi na moja zikiwa tayari, alikataa kukabidhi kazi yake pungufu, hali inazidi kudorora, na tarehe 20 ya mwezi huo, kitandani, alimwambia shangazi yake kwamba ametafuta filamu inayoweza kupiga picha kwenye giza karibu kamili, ili baba asiumie macho, labda hapo atakubali. Shangazi mtu hakuweza kuendelea na uongo ule. Alimweleza yote, miwani, kofia, mlangoni, uvunguni, na kwamba macho ya baba yake ni mazima kama ya kunguru.

Siku tatu hakusema na shangazi yake, na alikuwa na haki. Siku ya nne alimpigia simu, akacheka mpaka akakohoa, akasema, “Kwa hiyo miaka yote hii nimepiga picha gizani bure?” kisha akalia, akauliza alikaa uvunguni muda gani, akaambiwa tangu saa nne mpaka jua kuzama, akasema basi anadaiwa na baba yake.

Alimwendea baba yake bila kamera, kwa utaratibu wake ule ule, wakakaa, na siku hiyo kofia ilitoka. Ilipita miezi miwili akiwa hoi wodini, ndipo akamwendea na kamera tupu, na siku hiyo miwani ilishuka hadi puani ikarudi. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Mei 2024, saa nne asubuhi, sebuleni kwao, ambapo marehemu alimwomba mama yake afungue mapazia yote, na mama akayafungua, vumbi la miaka ishirini likatuangukia, tukaona kumbe ukuta ulikuwa wa kijani. Baba alivua miwani akaiweka sakafuni. Binti alikaa umbali wa mkono mmoja, akamtazama bila kupepesa, upande wa kulia, upande wa kushoto, akarudi kushoto akatulia huko, na aliyelia saa hiyo hakuwa mtoto. Dakika zikaenda, mikono ya binti ikitetemeka kwa uzito wa kamera, akabonyeza mara moja tu, na saa ilipotimia alisema neno moja, “Nimekuona.”

Hali yake ilibadilika ghafla tarehe 1 Juni, akakimbizwa hospitali, na Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, alifariki dunia, baba yake akiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomruhusu kuanika filamu kwenye stendi ya dripu, majirani mliokaa mbele ya kamera yake na wale mliotuletea maji na viti tangu Jumatatu, wanafunzi wenzake, na mwalimu wake, aliyeusafisha mkanda ule wa mwisho kwa mkono wake, akaipokea Saa Moja ikiwa imetimia kumi na mbili, na kutuletea jana picha hii mnayoiona mbele ya jeneza. Wengi mmeuliza tangu asubuhi, kwa kunong’ona, kwa nini pale pamewekwa picha ya mzee ambaye yu hai. Marehemu ndiye aliyeagiza, akasema anayetaka kumwona yeye aone alichokuwa anakitazama. Imetikisika kidogo, mikono haikuwa na nguvu, lakini ni yeye, wote wawili.

Kaka yangu amekaa mstari wa mbele, hana kofia, hana miwani, na tangu tarehe 18 Mei hajavivaa. Mtakapopita kumpa pole, tunawaomba msiinamishe macho, mtazameni, amekaa hivyo kwa ajili yenu pia. Nawe Chiriku wetu, mwanangu, umemaliza kazi, nyamaza sasa, pumzika kwa amani.