Nyumba Inaungua Bila Moshi

Mgeni rasmi, kitendawili!

Tunaomba uitike "tega", hata kama umekuja na gari la heshima.

Nyumba yangu inaungua. Haina kuni, haina moshi. Maji yanatiririka ukutani, na majirani wamekaa barazani wanapiga soga. Ni nini?

Usijibu upesi, na tafadhali usitupe mji. Kwenye vitendawili aliyeshindwa hutoa mji, tunajua. Lakini hiki kina mwenyewe, na mwenyewe alikataa miji yote. Kiweke kwanza mfukoni.

KARIBU KIBIRIZI

Mgeni rasmi, Daktari Winfrida, sisi wanawake waanika dagaa wa hapa ufukweni tunasema karibu sana nyumbani. Wewe ni mtoto wa Ujiji. Wapo humu waliokubeba mgongoni, na leo wanakuamkia "Mheshimiwa" huku wanacheka. Umekuja kutuzindulia vichanja vipya vya waya. Tunajua pia kazi yako ni kutibu wanawake. Kwa hiyo utusamehe risala yetu ikichanganya dagaa na mambo ya ndani ya kanga. Kina baba waliopo, msiondoke. Yanawahusu.

TULIKOTOKA

Tulianza tukiwa tunaanika mchangani. Dagaa akiliwa, meno yanasaga mchanga, na wateja wa soko la Mwanga wanatutukana mpaka basi. Siku hizi tunaanika juu ya waya, dagaa ni safi, anang'aa. Giza likiwa nene ziwani, mitumbwi inarudi asubuhi imejaa. Mbalamwezi ikitoka dagaa hafuati taa, basi tunapumzika, tunasuka, tunasemana.

Kazi ya kugeuza dagaa juani inachosha, kwa hiyo tunategeana vitendawili. Anayegeuza kichanja cha kwanza anatega, wa mwisho anajibu. Bingwa wetu alikuwa marehemu Spesiosa. Alikuwa anatega huku ameshika reki ya kugeuzia kama askofu ameshika fimbo. Ukishindwa ukampa Kasulu, atakwenda huko Kasulu kwa maneno, ale, anywe, aolewe, arudi na jibu, na wewe mbavu zinauma.

TULIYOFANIKIWA

Tumefanikiwa, mgeni rasmi. Wajukuu wanasoma. Banda letu lina bati. Tungeweza kuendelea hapa na kukufurahisha, lakini mioyo yetu haiko hapa.

YANAYOTUUMIZA

Spesiosa alipofika umri wa hedhi kuyumba, akaanza kuwaka. Katikati ya kazi jasho linamwagika kama amemwagiwa ndoo. Anatupa reki, anaingia ziwani na kanga yake mpaka shingoni, anakaa humo.

"Spesiosa, unabatizwa mara ngapi?" Agnesi, mwenyekiti wetu, alikuwa anamtania.

"Mpaka padri achoke, shoga yangu."

Tukacheka. Huku kwetu joto na jasho ni malaria, basi akapimwa, haikuonekana. Akameza dawa hivyo hivyo. Usingizi ukamkimbia. Kisha akaanza kusahau. Anatia chumvi mara mbili. Anamwita mwanawe kwa jina la mjomba. Na lililotushtua zaidi, anaanza kitendawili, anafika katikati, anasimama, anatutazama kama sisi ndio tumekificha.

Siku moja alitega kile tulichokutegea wewe. Hicho alikimaliza.

"Nakupa Kagunga!" akasema Agnesi.

"Sitaki Kagunga."

"Haya, nakupa Bujumbura, ukanunue vitenge!"

"Bujumbura nimeshapewa juzi. Jamani, sitaki miji. Nataka jibu."

Hakutuambia jibu. Tulidhani amelisahau.

Watu wakaanza kusema ziwa linamwita. Sisi tuliompenda tukaamua tumpigie nyungu. Tulichuma wenyewe majani ya mwarobaini na mchaichai. Tukachemsha sufuria kubwa, tukamkalisha, tukamfunika blanketi na mvuke wake, mchana wa jua kali, mtu ambaye tayari anaungua. Alikuwa anasema, "Inatosha, inatosha." Tukamwambia, "Vumilia, mama, ndiyo dawa inafanya kazi."

Tulipomfunua alisema asanteni. Akatembea moja kwa moja mpaka majini. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza kupiga, maji yamekuwa meupe. Sisi tulifurahi, tukasema ugonjwa umetoka, unakwenda kuoga. Wimbi la kwanza lilimfunika, tukamwona tena. La pili hatukumwona. Wavuvi walimleta jioni.

Blanketi lile hatujui nani alilianua. Hakuna anayeliulizia.

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo vitendawili vilikoma kwenye vichanja. Unasikia reki tu.

TULIYOAMBIWA BAADAYE

Baada ya arobaini alikuja nesi mmoja, Happiness, mkwe wa jirani yetu. Akakaa nasi kwenye jamvi, akasema, "Bibi zangu, hedhi ikikoma kuna homoni inapungua mwilini. Nayo haikuwa ya tumbo la uzazi tu. Ubongo nao ulikuwa unaitumia. Sehemu ya kichwani inayopima joto inababaika, inadhani mwili unaungua, inafungulia jasho. Usingizi unakatika. Na asiyelala atasahau, hata angekuwa profesa."

"Kumbe si wazimu?" tukauliza.

"Si wazimu, na si pepo. Kwa wengi huo ukungu wa kichwani hupungua wenyewe baada ya muda. Na anayeteseka ipo tiba ya kumrudishia homoni, kwa vidonge au kwa kibandiko cha kwenye ngozi. Ila si pipi. Lazima apimwe kwanza. Aliyewahi kuugua saratani ya titi au kuganda damu hapewi hivi hivi. Huyo ana njia nyingine za kusaidiwa."

Mwenzetu Yunisi akauliza lililokuwa moyoni mwa wote: "Itatukinga tusipotelewe na akili tukizeeka kabisa?"

Nesi akasema, "Hapo sitawadanganya. Haitolewi kwa ajili hiyo, na wataalamu bado wanachunguza. Inayotolewa ni ya kuzima moto wa sasa, mtu alale, afanye kazi yake."

Tulilia, mgeni rasmi. Hatukulia kwa kuwa dawa ni ngumu. Tulilia kwa kuwa ilikuwepo, na sisi tulikuwa tunachuma majani.

TUNAYOOMBA

Tunaomba siku maalumu ya kliniki kwa wanawake ambao hedhi inakoma. Tukienda tunakaa benchi moja na wajawazito, na mjukuu anauliza kwa sauti, "Bibi, na wewe una mimba?" Mtu anaona aibu, anarudi nyumbani na moto wake.

Tunaomba tiba hiyo iwepo na vipimo vyake, na asiyefaa kuipata aambiwe kwa upole na asaidiwe vingine.

Tunaomba waume wafundishwe. Hawana ubaya, hawajui.

Na ombi la mwisho, ambalo ndilo tulilokuitia. Yupo mwenzetu mmoja, ameketi humu humu, anawaka. Jasho lile lile, kusahau kule kule. Mumewe anampenda, ndiyo maana ameshanunua blanketi zito na kutuomba tukachume majani Jumamosi. Tumekataa kuchuma. Lakini tukimwambia mwenzetu akuone wewe, anasema ni malaria tu. Tukimuuliza zaidi anatupa mji: "Nawapa Buzebazeba, niacheni." Jina lake hatulitaji kwa sababu hajaturuhusu. Tunakuomba, kabla ya pilau, kabla ya kukata utepe, umpe dakika zako chache kule bandani, kama atakubali kuinuka.

KUAGANA

Mungu akulinde barabarani, akupe mikono myepesi na usingizi wa kutosha. Hodi yako Kibirizi haitakosa mwitikio.

Risala ilikuwa iishie hapo. Lakini jana asubuhi tuliisoma kwa sauti kati ya vichanja, ili kila mmoja aikubali. Tulipofika kwenye "mwenzetu mmoja", reki zote zilisimama. Agnesi akauliza, "Na kitendawili cha Spesiosa tumwambie mgeni jibu gani? Au tumpe mji?"

Eufrasia alikuwa kichanja cha mwisho, kanga imelowa mpaka kiunoni. Akaweka reki chini.

"Msimpe mji," akasema. "Jibu ni mimi. Andikeni na jina."

Ni sisi,
Wanawake Waanika Dagaa wa Kibirizi, pamoja na Eufrasia.