Mwalimu Gedion Munyi na Vijiko vya Fedha

Mchungaji, chifu wetu, walimu, wanafunzi wa zamani wa marehemu, majirani wetu wa hapa Nchiru na ndugu mliotoka Ishiara kabla ya jua kuchomoza, familia inawashukuru kwa kufika kwenu, na imeomba maisha ya Mwalimu Gedion Munyi yasomwe mbele yenu kwa ukamilifu, pamoja na habari ya vijiko, kwa sababu wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 karibu na Ishiara, Mbeere Kaskazini, akiwa mtoto wa tatu katika boma la wafugaji wa mbuzi waliolima pia mtama na kunde. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao hadi mwaka 1966, akajiunga na shule ya upili mjini Embu, akamaliza mwaka 1970, kisha akaenda Nairobi kusomea ualimu wa ufundi wa chuma. Januari 1975 alitumwa kufundisha katika chuo cha ufundi mjini Meru, akakaa hapo hapo hadi alipostaafu mwaka 2007, na walio hapa waliofundishwa kuchomelea na kunoa wanajua kwamba hakupenda kelele, na kwamba kazi mbaya aliirudisha mezani bila kusema neno.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa Jerusha Kaari, mwalimu wa chekechea, binti wa Timau, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sheila mwaka 1983 na Kiunga mwaka 1986.

Mwaka 1984 chuo kilimtuma Timau, kwenye mnada wa vyombo vya familia moja ya wazungu waliokuwa wakihama shamba lao la ngano, ili anunue jiliwa ya kubania chuma. Alirudi nayo, na pia akarudi na fungu la vijiko na uma vilivyofungwa kwa waya, vyeusi kama vilivyotoka motoni, ambavyo dalali alimwongezea ili meza ibaki tupu. Jioni alisugua kijiko kimoja kwa jivu laini, na nyuma ya mpini ikatokea mihuri midogo, simba anayetembea, kichwa cha chui, na herufi moja. Aliandika barua, akatafuta vitabu, akajua kwamba yule simba ni alama ya Waingereza ya fedha halisi, fedha ile ya madini, kwamba chui ni mji wa London, na kwamba herufi ni mwaka, nao ulikuwa 1827. Alikaa na kijiko hicho mkononi muda mrefu. Baadaye alimwambia Sheila kwamba kilichomshika si fedha, ni kwamba ncha ya kijiko ilikuwa imelika upande mmoja kwa kukwangua sahani, na ndani yake palikuwa na alama ndogo za meno ya mtoto.

Tangu hapo alikusanya kwa miaka zaidi ya thelathini, kwenye minada ya mashamba ya Timau, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwenye hoteli iliyofungwa, hata sokoni Ishiara, alikomkuta mama mmoja aitwaye Gatakaa akipimia wateja magadi kwa kijiko kifupi chenye umbo la kombe la baharini. Marehemu alimweleza wazi kwamba kile kilikuwa fedha halisi.

"Kama ni fedha, mwalimu," Gatakaa akamjibu, "hebu kaninunulie nacho sukari."

Soko lote lilicheka, naye akacheka, lakini alimlipa bei ya haki, na kila alipokwenda kwao alipita kumsalimu hadi mama huyo alipofariki.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mama Kaari hakutaka vijiko hivyo viguse chakula chake wala cha watoto. Siku ya kwanza alipoonyeshwa alama za meno aliuliza, "Hayo meno ni ya nani, Baba Sheila?" na mumewe aliposema kwamba mwenyewe alikufa zamani, Mama alikirudisha kijiko mezani, akaenda kunawa mikono. Marehemu hakubishana naye. Alivihifadhi kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, akala kwa kijiko cha fedha Jumapili tu, peke yake kwenye ncha ya meza, huku wengine wakila kwa vya kawaida, na desturi hiyo ikadumu hadi watoto wakadhani kila nyumba iko hivyo.

Mwaka 1998, familia ikiwa kanisani, wezi walivunja mlango, wakachukua redio, blanketi na seti mpya ya vijiko vinavyong'aa aliyoletewa Mama na dada yake. Sanduku walilifungua, wakaangalia ule weusi ambao fedha huupata ikikaa, wakaliacha wazi sakafuni. Mama alisimama juu yake akasema, "Umeona, hata wezi wamevikataa," na marehemu alipenda kusimulia kisa hicho kuliko kingine chochote, kwa maneno yale yale ya mkewe.

Mwaka 2015 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na mwaka uliofuata madaktari walithibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Mtu aliyeishi kwa mikono yake aliona aibu kubwa kuliko alivyosema. Uji ulimwagika kabla haujafika mdomoni, akaacha kwenda harusini, akaacha kula mbele ya wageni, kisha akaanza kusema ameshiba kabla ya kuketi, na kufikia mwaka 2018 nguo zilikuwa zinamning'inia. Kiunga alimletea vijiko vya plastiki kutoka Nairobi, vikawa vyepesi mno, vikarukaruka zaidi.

Mama ameruhusu jambo linalofuata lisemwe. Mama yake mzazi alifariki Timau yeye akiwa msichana mdogo, na kabla juma halijaisha jamaa waligawana vyombo vya mama huyo, naye akamwona shangazi yake akinywea kikombe cha mama yake huku akicheka. Hakumwambia mtu yeyote, hata mumewe, kwa miaka yote hiyo ya ndoa. Siku moja mwezi wa Juni mwaka huo wa 2018, baada ya marehemu kuacha sahani ya tatu bila kuigusa, Mama alifungua sanduku, akachagua kijiko kikubwa kuliko vyote, kizito, akakichemsha, akakiweka katika kiganja cha mumewe.

"Shika hiki."

"Na mwenyewe?" marehemu akamuuliza. "Yule aliyekufa?"

"Atanisamehe. Kula, Baba Sheila."

Mkono ulitetemeka bado, lakini uzito ule uliutuliza, na uji ukafika. Hapo ndipo Mama alipomsimulia habari ya kile kikombe, na marehemu, aliyekuwa amekula peke yake kila Jumapili akidhani mkewe anaona tu kinyaa, aliweka kijiko chini, akamwomba radhi kwa kutouliza. Mama alichukua kijiko kingine, wakamaliza sufuria pamoja. Kuanzia siku hiyo sanduku halikufungwa tena, vijiko vikahamia kwenye droo ya jikoni, na marehemu akarudia kwenda harusini, kijiko chake kikiwa kwenye mfuko wa koti.

Mwaka 2022 Kiunga alimuuliza baba yake vijiko vitaenda wapi baada yake, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyetaka kuvinunua. Marehemu alijibu, "Muulize mama yako. Mimi nimevitunza zamu yangu." Mama amejibu kwamba vinabaki jikoni na vinatumika, na jambo hilo limekwisha.

Mwezi uliopita marehemu alipata homa ya mapafu, akalazwa mjini Meru, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 7 Novemba 2024 akatutoka, Mama akiwa kando ya kitanda. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari kwa kusema ukweli mapema, na wauguzi wa wadi, ambao kila zamu walikiosha kijiko chake na kukirudisha mahali pake. Inawashukuru walimu wenzake waliokuja kumsomea gazeti, majirani waliokamua ng'ombe na kulisha kuku bila kuombwa, na wanafunzi wanaopanga vyumba upande wa pili wa ua, ambao mwezi mzima hawakufungulia muziki.

Mwalimu, Sheila na Kiunga wapo, Jerusha yupo, na wanafunzi wako wameujaza ua wote, wengine wamesimama barabarani. Umetulia sasa. Pumzika kwa amani.