Springi za Landrova ya Mkwaja

Kivuko kilikuwa hakijafika katikati ya mto Pangani, na Mzee Tadeo, fundi mstaafu wa shamba la mkonge, alikwishainama chini ya Landrova ya mtu asiyemjua. Zuwena, aliyeletwa na gari hilo kutoka Mkwaja akiwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, alisikiliza kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia.

“Kijana, springi hii ya kushoto imelala kama mkeka,” alisema mzee. “Chuma kimoja kati ya vyuma vyake kimepasuka, nawe umekifunga kwa mpira! Nunua mpya.”

“Mpya ni ngumu, mzee wangu,” alijibu Uweso, mwenye gari. “Mhunzi wa Mwera atazipasha moto hizi, azikunje upya, abadilishe hicho kimoja. Mimi nabeba wajawazito. Kwa mtikisiko wa springi mpya watajifungulia njiani.”

“Na chuma kilichochoka kikikatika porini, watajifungulia wapi? Hotelini?”

Abiria walicheka. Zuwena hakucheka. Alisimama, akaketi, akasimama tena; uchungu ulikuwa umerudi, na hospitali ilikuwa bado ng'ambo.

“Tumuulize mwenyewe,” alisema Uweso. “Dada, wataka laini au imara?”

“Nataka kufika.”

Kivuko kikagusa ufuko. Zuwena akasaidiwa kupanda. Mzee Tadeo naye akapanda nyuma bila kuomba lifti, akaketi kulia, juu ya springi nzima, akajisukuma hadi pembeni kabisa ili ile ya kushoto ipumue.

“Nunua mpya,” alisema, na Landrova ikaanza kuteremka polepole.